UZI: Maombi ya ruzuku za urithi Mombasa hukwama penye bajeti, si penye Kiingereza

#1 Mkunazi
Assalam aleikum wana jukwaa. Nina dai, na anayelipinga aje na hoja. Maombi ya ruzuku za historia na urithi yanayoandikwa hapa mjini hayaangushwi na Kiingereza. Huangushwa na bajeti isiyojua maelezo yamesema nini. Ukurasa wa nne waahidi kazi ya mwaka mzima, ukurasa wa saba una pesa za wiki mbili.

Nimeleta rasimu ya kikundi kimoja cha mtaani, jina nimelitoa kwa ruhusa yao. Itoboeni mtakavyo, wana wiki tatu kabla ya kuituma. Kazi yenyewe: mahojiano 30 na wazee wa Kibokoni na Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, kila moja saa moja na nusu, kuskani picha 2,000 za majumbani, maonyesho ya siku tatu. Muda ni miezi 12.

Sentensi ya kufungulia: "Mji wa Kale wa Mombasa, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, una hazina kubwa ya urithi inayopotea kila siku."

Bajeti kwa shilingi:
Skana na kompyuta 260,000
Vinasa sauti viwili na maikrofoni 110,000
Diski tano za TB 4: 90,000
Unukuzi wa mahojiano 30,000
Kuskani, siku 10: 20,000
Nauli na chai ya wazee 45,000
Maonyesho 250,000
Uratibu 240,000
Mengineyo 200,000
Jumla 1,254,000

#2 Bi Hisabu
Waaleikum salaam. Kabla ya yote, jumla si 1,254,000. Ni 1,245,000. Tofauti ni 9,000, na tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza shuku tarakimu mbili zimepishana. Hapa 4 na 5 zimebadilishana viti. Msomaji akiliona hilo hatasema "wamekosea kuandika", atasema "hawa ndio watakaoshika pesa zetu?"

Pili, Mengineyo 200,000 ni asilimia 16 ya bajeti yote. Hilo ni shimo. Dharura ya asilimia 5 yaeleweka, na iitwe dharura. Kitu chochote mnachoweza kukitaja jina kisilale ndani ya Mengineyo: ada za benki, wino, bando za intaneti, kukodi viti. Kila kimoja na mstari wake, idadi mara bei.

Na "Maonyesho 250,000" hainiambii kitu. Ni ukumbi? Ni fremu? Ni fremu ngapi? Andikeni: fremu 40 × bei, hema siku 3 × bei, mabango 6 × bei. Hapo msomaji ataona maonyesho yenyewe kichwani.

#3 NdiaKuu
Mkunazi, dai lako nalikubali nusu. Sentensi yako ya kwanza ina kosa ambalo lingetosha kuwaangusha hata kabla ya hesabu. Mji wa Kale wa Mombasa hauko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Iliyoandikishwa 2011 ni Ngome ya Yesu. Mji wa Kale ulioko kwenye orodha hiyo ni wa Lamu, tangu 2001. Wa kwetu umetangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa kwa sheria za nchi, tangu 1990, na usimamizi wake uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Hiyo ni hadhi ya kutosha, hamna haja ya kuazima ya jirani.

Maneno "hazina kubwa inayopotea kila siku" hayabebi chochote. Ni kitu gani kinapotea, kwa nini, na kwa kasi gani?

Na maoni yangu ni kwamba sababu kubwa ya kukataliwa ni kugonga mlango usio wako. Endangered Archives Programme (EAP) ya British Library, iliyoanza 2004, lengo lake ni nyaraka kongwe. Ndiyo iliyogharimia kunakili miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Ukiwapelekea picha za harusi za miaka ya 1970 watakwambia hapana, na picha zako hazina kosa lolote. Picha za karne ya 20 zina mfuko wake, Modern Endangered Archives Program ya maktaba ya UCLA. Ufundi wa mikono, kama kuchonga milango au kushona kofia za vito, una Endangered Material Knowledge Programme ya British Museum. Yote mitatu imepata pesa zake kutoka shirika la ufadhili la Arcadia, lakini kila mmoja una swali lake.

#4 Sanduku la Mvule
Nami nawakamata kwenye kuskani. Picha 2,000 kwa siku 10 ni picha 200 kwa siku. Haiwezekani, labda muwe mwapiga muhuri.

Hesabu ya kweli ni hii. Picha ina mbele na nyuma, na nyuma ndiko kuliko na mali: muhuri wa studio, tarehe, mara nyingine mstari mmoja wa hati ya Kiarabu kwa lugha ya Kiswahili, "kwa mamangu mpenzi". Kwa hiyo skani 4,000. Kupangusa kwa brashi laini, kuweka, kuskani pande mbili na kuipa faili jina, dakika 5. Kuandika maelezo ukiwa umekaa na mwenye picha, ni nani, ni wapi, nani kapiga, dakika 5 nyingine, na hapo hajasimulia. Dakika 10 × 2,000 ni dakika 20,000, yaani saa 333. Kwa saa 8 ni siku 42.

Upande wa diski mmezidisha. Picha ya sm 10 × 15 kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), rangi kamili, faili ya TIFF bila kubanwa, ni kama MB 26. Mara 4,000 ni GB 104. Sauti ya WAV, kHz 48, biti 24, stirio, ni kama GB 1 kwa saa; saa 45 ni GB 47. Jumla haifiki GB 160. TB 20 mmeziombea nini? Diski tatu za TB 2 zinatosha: moja ya kazi, moja ya kikundi, moja ilale nyumba nyingine au taasisi nyingine kabisa. Zikiwa zote kwenye kabati moja, mwizi mmoja azichukua zote.

#5 Kaskazi
Marekebisho madogo kwa #4: MB 26 ni ya picha ya postikadi. Picha ya studio ya inchi 8 × 10 kwa dpi hiyo hiyo yafika MB 86. Na zile ndogo za pasipoti yafaa kuzipandisha hadi dpi 1200, kwani kwa 600 utapata sura bila macho. Diski zenu tatu bado zatosha, lakini hesabu isiandikwe kana kwamba picha zote ni sawa.

Ama kuhusu sababu ya kukataliwa, nyote mwazungumzia maandishi. Mimi naona wengi hukwama kwenye makaratasi ya kikundi. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 yataka watu wasiopungua kumi. Mfadhili ataomba cheti, katiba, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha maombi, PIN ya KRA (namba ya kodi) ya kikundi na taarifa ya benki. Sasa angalieni jina. Cheti kimeandika jina bila herufi "CBO" (kifupi cha Kiingereza cha kikundi cha kijamii), akaunti ya benki imeandikwa na "CBO" mwishoni, PIN imeandikwa kwa kifupi. Hayo ni majina matatu. Pesa za nje zikifika, benki yaweza kuzirudisha zilikotoka na ada imekatwa mara mbili.

Kwa ruzuku za serikali ya Marekani kuna zaidi. Lazima namba ya utambulisho iitwayo UEI, ambayo tangu Aprili 2022 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, DUNS, na hupatikana SAM.gov, tovuti yao ya usajili. Jina na anwani kwenye SAM na kwenye hati za kikundi zifanane neno kwa neno. Zikitofautiana, mwarudi mwanzo. Tengeni miezi miwili kwa hilo peke yake. Usajili ni bure. Barua pepe ikija kudai dola mia kadhaa "kukamilisha usajili", huyo ni tapeli au wakala msiyemhitaji.

#6 Mkunazi
Shukran. Bi Hisabu, hilo la 9 nimelihifadhi. NdiaKuu, la 2011 limeniuma, limepita macho ya watu wanane.

Lakini #5 yanirudisha kwenye dai langu. Makaratasi yakikosekana huombwa tena. Bajeti ikikosewa hakuna anayekupigia simu.

#7 Kaskazi
Si kweli. Mifuko mingi ina mchujo wa kwanza wa kiutawala. Kiambatisho kikikosekana, maombi hayafiki kwa wasomaji. Hiyo bajeti yako haifunguliwi kabisa.

#8 Fundi Chokaa
Hodi jamani. Mimi nauliza la upande. Kwa nini kila kikundi chataka kurekodi na kuskani, hali nyumba zenyewe zaanguka? Hayo mahojiano mtayafanyia kwenye baraza gani baada ya miaka kumi?

Ukuta wa matumbawe waharibiwa na simiti. Jiwe la tumbawe hunywa maji na kuyatoa. Likizibwa kwa simiti, maji yabaki ndani na chumvi, chumvi yakaukia nyuma ya lipu, lipu yavimba na kubanduka ikiondoka na uso wa jiwe. Kisha mtu aona lipu imeanguka, aongeza simiti zaidi. Dawa ni kuitoa yote na kurudi kwenye chokaa: chokaa moja kwa mchanga mitatu, mchanga wa bara uliooshwa, si wa pwani wenye chumvi. Chokaa iliyolowekwa vyema, wiki kadhaa kwa lipu ya chini, na ya kumalizia juu miezi mitatu ni bora. Kila tabaka lisizidi milimita 12, na lifunikwe kwa magunia yaliyoloa ili jua lisilikaushe upesi. Likikauka upesi lapasuka kama uso wa tope.

Kazi hii mwaiandikia ruzuku lini?

#9 NdiaKuu
Ami Fundi, swali ni la haki, ila jibu lake ni chungu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za watu binafsi, za familia zilizogawanyika warithi ishirini, au za wakfu. Mfano, Ambassadors Fund for Cultural Preservation wa Marekani, ulioanza 2001 na ambao maombi yake yamekuwa yakipitia ubalozi, masharti yake yamekuwa yakikataa mali ya mtu binafsi au ya biashara, iwe nyumba, iwe mkusanyo. Tena yamekuwa yakikataa kuskani peke yake, mpaka iwe sehemu ya kazi kubwa zaidi ya kuhifadhi. Kwa hiyo nyumba ya ami yako haiwezi, na picha za Mkunazi haziwezi.

Njia iliyopo ni jengo la umma au la wakfu. Hapo yahitajika barua ya Tume ya Wakfu, idhini ya ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, michoro na picha za hali ilivyo. Barua ya mwenye jengo isiseme "tunaunga mkono". Iseme nani atagharimia matunzo baada ya mradi, kwa miaka mingapi.

#10 Fundi Chokaa
Nimefahamu. Lakini nasisitiza: ukiomba jengo, weka loweko la chokaa ndani ya ratiba. Nimesoma ratiba inayosema "mwezi wa 1 kununua vifaa, mwezi wa 2 lipu". Chokaa ya mwezi mmoja hiyo. Na mwezi wa 2 wenyewe ukiangukia Aprili, ni masika.

#11 Mwalimu wa Mizani
Sasa tuje kwenye unukuzi, maana shilingi 30,000 ni dharau kwa mnukuzi.

Saa moja ya sauti safi, mtu mmoja akisema, huchukua si chini ya saa 4 kuinukuu. Mazungumzo ya wazee wawili na muadhini nyuma yao, saa 6. Saa 45 × 6 ni saa 270, siku 34. Kwa 2,500 kwa siku ni 85,000. Mkiingiza mashairi wekeni saa 8: siku 45, shilingi 112,500.

Na muandike ndani ya maombi kwamba mnukuzi awe ajua Kimvita, lahaja ya Mombasa. Hili si pambo. Mzee asema "kitwa", mnukuzi wa mbali aandika "kichwa". Asema "mtele", yaandikwa "mchele". "Mato" yawa "macho", "ndoo" ya kumuita mtu yawa ndoo ya maji. Mwisho wa mradi mna saa 45 za Kiswahili sanifu, na lahaja mliyoombea pesa imefutwa na pesa hizo hizo.

Kwa mashairi mna kipimo cha bure. Shairi la kawaida mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Mkihesabu mkapata 15, mnukuzi amemeza silabi au ameibadilisha. Rudini kwenye sauti.

#12 Sanduku la Mvule
Mwalimu, hilo la mizani latosha kuwa mstari wa mpango wa ubora ndani ya maombi. Wafadhili huuliza "mtahakikishaje usahihi?" na watu hujibu "tutakuwa makini". Hapo ndipo pa kuandika: mnukuzi wa kwanza, msikilizaji wa pili kwa asilimia 10 ya sauti, mashairi yahesabiwe mizani.

Upande wa picha vivyo hivyo. Jina la faili lisiwe na nafasi wala alama: namba ya familia, namba ya picha, kisha a kwa mbele na b kwa nyuma. Kila kundi lianze na kadi ya rangi ya kulinganishia. Picha iliyogandana na kioo cha fremu kwa unyevu isibanduliwe hata kidogo, kwani sura itabaki kwenye kioo. Pigeni kwa kamera juu ya kioo, bila flashi, na kitambaa cheusi nyuma ya mpigaji ili asijione. Na tafadhali, mtu yeyote asiwashauri watu kupeleka picha "zikapigwe laminati". Joto na gundi havirudi nyuma.

#13 Mama Leso
Nyote mwahesabu dakika na diski. Hakuna aliyetaja ridhaa, na mimi naamini hapo ndipo maombi ya Pwani yafelipo, na yakipita, mradi ndio unaofeli.

Picha 2,000 za majumbani za Kibokoni, nusu yake ni za wanawake ndani ya harusi, vichwa wazi, nyumbani kwao. Mwenye albamu akubali, binti aliye kwenye picha je? Mmoja aweza kuwa mke wa mtu sasa. Fomu moja ya "nakubali" haitoshi. Zatakiwa ridhaa tatu, kila moja na sahihi yake: kurekodi au kuskani, kuhifadhi, kuonyesha. Na kuonyesha nako kuna ngazi: wazi kwa wote, kwa kuomba ruhusa, au kufungwa mpaka familia iseme. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 iko, lakini hata isingekuwepo aibu ingekuwepo.

Tena kumbukeni mwenye karatasi si lazima awe mwenye haki ya picha. Picha ya studio ina haki ya mpigaji, na hapa Kenya haki hiyo ni miaka 50. Picha ya 1965 ambayo ilitoka wakati huo huo si sawa na ya 1985.

Na muiandike fomu kwa Kiswahili kwanza. Mfadhili apewe tafsiri.

#14 NdiaKuu
Mama Leso, hapo umefunga mlango niliouacha wazi. Mifuko ya kunakili nyaraka hupenda kuona kila kitu wazi mtandaoni. Kikundi kikificha suala la picha za wanawake ili kupendeza, litafumka katikati. Likisemwa mapema, pamoja na ngazi zako tatu, huonekana ni ujuzi. Na EAP wenyewe sharti lao lajulikana, asili haitoki nchini, zatoka nakala tu. Hilo laweza kunukuliwa mbele ya wazee wanaohofia albamu zao kupelekwa Ulaya.

#15 Kaskazi
Kuna la kibali. Mkiliita jambo "utafiti", basi sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013 yawahusu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, yatakiwa. Mfadhili wa chuo ataiomba.

#16 Mwalimu wa Mizani
Sikubaliani. Kikundi kinachorekodi wazee wake kwa ajili ya maktaba ya mtaa hakifanyi utafiti, kinahifadhi. Tukienda hivyo, mjukuu akimrekodi nyanyake kwa simu naye akate leseni.

#17 Kaskazi
Mwalimu, rasimu yao nimeletewa nzima faraghani. Neno "utafiti" limo mara sita. Ama walitoe, ama wakate leseni. Kuacha neno na kukosa karatasi ndiko kubaya.

#18 Kengeleni
Salaam. Nauliza kwa nini Kibokoni na Kuze tu. Ng'ambo ya Nyali kuna Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na mnara wa kengele yake bado uko hapo Kengeleni, magari yapita kila dakika. Urithi wa Mombasa ukiandikwa ni ngome, milango ya nakshi, na kahawa. Jomvu je? Majengo je?

Tena wale wa kaya wamefanikiwa kwa kujitaja wazi: misitu mitakatifu ya Kaya ya Mijikenda iliingia Urithi wa Dunia 2008, na mila zake zikaingia orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka, 2009. Kwa nini vikundi vya mjini visiombe huko UNESCO?

#19 NdiaKuu
Kwa sababu msaada ule wa mkataba wa UNESCO wa 2003, wa urithi usioshikika, huombwa na nchi, si na kikundi. Hadi dola 100,000 ofisi ndogo ya kamati yaweza kuamua, lakini fomu yapitia serikalini. Kikundi huingia kama mhusika aliyetoa ridhaa. Njia ndefu, si ya wiki tatu.

Kuhusu Frere Town uko sahihi kabisa kwa haki, lakini kwa mradi huu, usiongeze mitaa. Mitaa miwili kwa mahojiano 30 yaeleweka. Mitaa sita kwa mahojiano 30 ni matano kila mtaa, na hakuna mtaa utakaosikika.

#20 Kengeleni
Basi waandike hivyo. "Tumechagua mitaa miwili kwa sababu hizi". Wasiandike "Mombasa".

#21 Bi Hisabu
Nimeipanga upya, kwa kufuata #4 na #11 ya saa 8:

Skana na kompyuta 260,000
Vinasa sauti na maikrofoni 110,000
Diski 3 za TB 2 × 10,000 = 30,000
Unukuzi, siku 45 × 2,500 = 112,500
Kuskani na maelezo, siku 42 × 2,000 = 84,000
Wazee 30 × 1,500 = 45,000
Maonyesho 250,000, ivunjwe kama nilivyosema
Uratibu, miezi 12 × 20,000 = 240,000
Ada za benki na intaneti 15,000
Jumla ndogo 1,146,500
Dharura asilimia 5: 57,325
Jumla 1,203,825

Tazameni: kazi imeongezwa zaidi ya mara tatu kwenye unukuzi, mara nne kwenye kuskani, na jumla imeshuka. Pesa zilikuwa zimelala ndani ya diski na Mengineyo.

Mambo mawili ya kodi. Mkimlipa mtaalamu mkaazi kuanzia 24,000 kwa mwezi, kuna asilimia 5 ya kukata na kupeleka KRA. Atajua mapema kwamba mkononi apata pungufu, kisizuke kisirani. La pili, sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa kama 130. Ruzuku ya dola 10,000 iliyopangwa kwa 160 ilipoteza 300,000 bila mtu kugusa. Pangeni kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo, na muandike kiwango mlichotumia chini ya jedwali.

#22 Mama Leso
Bi Hisabu, shukran, lakini 1,500 ya nauli na chai si malipo. Mzee atoa saa moja na nusu ya maisha yake, mnukuzi alipwa kwa siku, mratibu kwa mwezi, na mwenye maneno apewa chai? Wekeni 3,000, muiite heshima ya msimulizi.

#23 Mwalimu wa Mizani
Mama Leso, nakuheshimu, ila hapa tuko mbali. Pesa ikitajwa mlangoni, hadithi hubadilika. Mtaa mzima wajua kuna 3,000, wazee waongezeka, na kila mmoja alikuwepo siku meli ilipozama. Nauli, chai, na nakala ya sauti yake ndani ya diski ndogo ya USB aipeleke kwa wajukuu. Hiyo ndiyo heshima.

#24 Mama Leso
Wasemao pesa huharibu hadithi mara nyingi ndio wanaolipwa kuikusanya. Samahani mwalimu, lakini ndivyo nionavyo.

#25 Sanduku la Mvule
Vyovyote mtakavyoamua, kiwango kiwe kimoja kwa wote, kiandikwe, na kilipwe baada ya mahojiano, hata mzee akiamua kutotia sahihi ya kuonyesha. La sivyo mmenunua ridhaa.

#26 Kengeleni
Mimi niko na Mama Leso. Na barua za kuunga mkono je? Naona hakuna aliyezigusa.

#27 Kaskazi
Barua tatu zenye maneno yale yale na makosa yale yale ya herufi ni mbaya kuliko barua moja. Kila barua iseme kitu atakachotoa huyo mwandishi: chumba cha kurekodia Jumamosi asubuhi, kabati la diski, fundi wa fremu. Na kikitiwa thamani, huwa mchango wa kikundi. Miongozo ya mabaraza ya taaluma za utu ya majimbo ya Marekani, ambayo vikundi vingi hapa huisoma mtandaoni, huutaka mchango huo uwe wa pesa au wa kazi na vitu. Pesa zao ni za watu wa jimbo lao, msiwaandikie. Lakini jedwali lao la kuhesabu saa za kujitolea ni zuri kuiga: jina la kazi, saa, thamani ya saa, sahihi.

#28 Fundi Chokaa
Na ratiba ipite mbele ya kalenda ya mji. Ramadhani yarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Angalieni mwaka wenu iko wapi. Mwezi huo hamtarekodi mchana, na baada ya tarawehe wazee wamechoka. Baada ya Idi harusi zaanza, hamtampata mtu wala hamtapata ukumbi.

Halafu nawakumbusha, kabla hamjasahau majengo kabisa: Ngome yenyewe ilichimbuliwa na kukarabatiwa kwa ruzuku, pauni 30,000 za wakfu wa Gulbenkian, 1958. Mtu aliandika maombi.

#29 Mkunazi
Nimeyabeba yote kwao. Kuhusu malipo ya wazee kikundi kimegawanyika kama nyinyi, watapiga kura Ijumaa. Neno utafiti wamelitoa. Hii ndiyo sentensi mpya ya kufungulia:

"Katika mitaa ya Kibokoni na Kuze, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa uliohifadhiwa kisheria tangu 1990, picha za familia zinagandana na vioo kwa unyevu, na wazee wanaozijua sura zake bila kusoma nyuma wanapungua. Kwa miezi 12 tutaskani picha 2,000, mbele na nyuma, na kurekodi saa 45 za Kimvita, kila familia ikiamua kipi kionekane na nani."

Bado nashikilia kuwa bajeti ndiyo iliyoizaa sentensi hii. Bila siku 42 za #4 hakuna aliyekumbuka nyuma ya picha.

#30 Mwalimu wa Mizani
Nzuri. "Kionekane na nani" irekebishwe iwe "nani akione". Na kwa kuwa mwasema Kimvita, mwambieni mtafsiri aliache neno hilo kama lilivyo, asiandike Kiswahili tu.

#31 Kaskazi
Na kabla ya kutuma, jina la kikundi kwenye fomu lilinganishwe na cheti, herufi kwa herufi.